Ratiba ya taa kwenye tangi dogo la maji ya bahari: dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

Tunazungumzia tangi la lita 40 hadi 120, lenye maji ya chumvi, samaki wawili watatu, mawe hai (mawe yenye bakteria wanaosafisha maji), labda na matumbawe machache, likimulikwa na taa ya LED iliyoning'inizwa au kubanwa juu ya kioo. Tangi la ukubwa huu halisamehe. Maji ni machache, kwa hiyo joto hupanda upesi na uchafu hujilimbikiza upesi. Tatizo ni kwamba dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vitatu. Kioo kikianza kuota mwani, wengi hukimbilia kukata saa za taa. Wiki inayofuata matumbawe yanafifia, saa zinarudishwa, na mwani uko palepale. Kwa hiyo soma dalili kwanza, kisha uguse kitu kimoja tu.

Ratiba ya kulinganishia

Huwezi kusema ratiba imeharibika kama huna ya kuilinganisha nayo. Hii inafaa tangi lililokomaa lenye matumbawe laini na yale magumu ya polipu kubwa kama Euphyllia (polipu ni kiumbe kimoja kimoja cha tumbawe, chenye mdomo na minyiri):

- 11:00 (saa 5 asubuhi): bluu peke yake, ikipanda polepole kwa muda wa saa 2.
- 13:00 (saa 7 mchana): nyeupe na bluu pamoja, kwa kiwango chako kamili, saa 7 mfululizo.
- 20:00 (saa 2 usiku): nyeupe inazimwa, bluu inashuka polepole.
- 22:00 (saa 4 usiku): giza mpaka kesho yake.

Jumla ni saa 11, lakini mwanga mkali ni wa saa 7 tu, na hizo 7 ndizo za kuhesabu. Watu wa pwani hupenda kusema kwamba mchana wetu una saa 12, basi tangi nalo lipewe 12. Hoja hiyo inasahau kwamba jua la saa 1 asubuhi si jua la saa 6 mchana. Jua likiwa utosini, PAR juu ya maji hufika karibu 2,000. PAR ni kipimo cha mwanga unaofaa kwa usanisinuru, kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Asubuhi na jioni jua huwa limeinama, mwanga ni hafifu, na sehemu kubwa yake hurudishwa na uso wa bahari. Taa inayowaka asilimia 100 kwa saa 12 haifanani na siku yoyote ya baharini.

Matumbawe laini na uyoga kama Discosoma yanatosheka na PAR 50 hadi 100, Euphyllia na jamaa zake 80 hadi 150, Acropora, yale magumu ya polipu ndogo, 200 hadi 350. Tangi la samaki watupu halina haja ya haya yote: saa 6 hadi 8 zinatosha, na hizo ni kwa ajili ya macho yako wewe. Tangi jipya ambalo bado linajenga bakteria wake halihitaji taa hata kidogo, na kuliwashia saa 10 kwa siku ni kulima mwani.

Taa inawaka au kuzimika wakati usio wake

Anzia hapa, hata kama dalili yako ni mwani au tumbawe lililopauka. Mara nyingi ratiba iliyo kichwani mwa mwenye tangi si ile ambayo taa inaifuata. Siku mbili mfululizo, hakikisha kwa macho yako taa imewaka saa ngapi na imezimika saa ngapi, uandike.

Taima ya gurudumu, ile yenye vipini 96 vya dakika 15 kila kimoja, huendeshwa na umeme wa ukutani. Umeme ukikatika, gurudumu nalo linasimama. Ukikosa umeme saa 2 Jumatatu na saa 3 Alhamisi, kufikia Ijumaa taima imechelewa saa 5: taa uliyoipangia 11:00 inawaka 16:00 na kuzimika 03:00 alfajiri. Hakuna kilichoharibika. Zungusha gurudumu kwa kufuata mshale ulioandikwa juu yake mpaka saa ya sasa ikae kwenye alama. Usilizungushe kinyume, utavunja meno ya ndani. Angalia pia swichi ndogo ya ubavuni. Ikiwa upande wa kuwasha moja kwa moja, vipini havifanyi kazi yoyote. Mahali ambapo umeme hukatika kila wiki, taima ya aina hii ni ya kuwekea pasi, si matumbawe.

Taima ya dijitali ina betri ndogo ndani inayoshika saa. Ikiwa mpya imekaa dukani muda mrefu, betri imekwisha. Iache kwenye soketi usiku mzima kabla ya kuipanga, vinginevyo mgao wa kwanza wa umeme utafuta kila kitu.

Taa ikiwaka kwa tofauti ya saa kamili, tofauti yenyewe inataja chanzo:

Saa 12: umechanganya AM na PM. Ibadilishe taima ionyeshe saa 24, tatizo litakwisha.

Saa 6: umeandika saa za Kiswahili kwenye kifaa kinachohesabu kuanzia usiku wa manane. Hili lina sura ya ajabu kidogo, kwa sababu kuwasha kunawahi na kuzima kunachelewa. Aliyekusudia saa 5 asubuhi mpaka saa 4 usiku, akaandika 5:00 na 4:00, anapata taa inayowaka saa 23 kati ya 24. Anakuja kulalamika mwani, naye hajui kwamba tangi lake halilali.

Saa 5 kabla ya wakati: taa ya Wi-Fi bado inafuata saa za China, GMT+8, ilikotoka kiwandani. Kenya, Tanzania na Uganda ni GMT+3. Kwa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, GMT+2, tofauti hiyo inakuwa saa 6, kwa hiyo usiichanganye na kosa lililotangulia: hapa kuwasha na kuzima kote kunawahi.

Saa 3 baada ya wakati, au 2 kwa waliopo GMT+2: programu inafuata GMT tupu. Ingia kwenye mipangilio uchague Nairobi, Dar es Salaam au Kigali.

Saa 1: kitufe cha saa za majira ya joto kimebonyezwa. Nchi zetu hazibadilishi saa, kizime.

Kosa jingine ni la taima inayosema imezima huku taa inaendelea kuwaka. Kibadilishi cha umeme cha taa ya LED huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kifupi sana inapowashwa, na vidole vya swichi ndani ya taima ya bei nafuu huungua na kugandana. Jaribu hivi: chomoa taa, chomeka chaja ya simu kwenye taima hiyo, weka OFF. Chaja ikiendelea kuchaji, taima imekufa; usiifungue, nunua nyingine ya ampea 16, usining'inize taa mbili kwenye taima moja. Kama taa yako ina kidhibiti chake cha ndani, tumia hicho, taa ichomekwe moja kwa moja. Na popote inapochomekwa, waya uanguke chini kwanza kisha upande kwenye soketi, ili tone la maji ya chumvi likiteleza liishie sakafuni.

Zipo pia taa zisizo na kumbukumbu. Umeme ukirudi zinawaka asilimia 100, saa yake ikiwa imeanza upya. Tangi lililozoea asilimia 40 likimulikwa kwa nguvu zote alasiri nzima wakati uko kazini, usiku utakuta zoanthidi (polipu ndogo laini zinazoota kwa makundi) zimefumba. UPS ndogo ya kompyuta, yaani betri ya akiba, inatosha kuhifadhi saa ya taa, maana LED ya tangi dogo hula wati 30 hadi 60 tu. Ile soketi ya kulindia friji nayo inafaa kuzuia umeme unaorudi na nguvu nyingi.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, taa isikutie wasiwasi. Matumbawe huvumilia giza siku mbili tatu. Kinachoua ni kukosa oksijeni pampu ikisimama. Pampu ya hewa ya betri ndiyo ya kununua. Na umeme ukirudi saa 3 usiku, usiwashe taa mpaka alfajiri ili kufidia. Siku hiyo imepotea, iache.

Vumbi la kahawia kwenye kioo na mchanga

Linafutika kwa kidole, na tangi lina umri wa wiki tatu hadi miezi mitatu. Hizo ni diatomu, mwani wa seli moja, zinajengwa kwa silika iliyomo kwenye maji na mchanga mpya. Silika ikiisha zinaondoka zenyewe. Kukata saa za taa hakuzimalizi. Futa kioo, weka konokono wachache, tumia maji yaliyochujwa kwa RO (kichujio cha utando kinachoondoa karibu kila kilichoyeyuka) badala ya maji ya bomba au kisima. Zikirudi kwenye tangi la mwaka mzima, shuku kichujio cha RO kilichochoka.

Nyuzi za kijani

Hapa taa inahusika, lakini ni nusu ya kesi. Mwani unataka mwanga na chakula kwa pamoja. Pima nitreti na fosfeti. Nitreti sehemu 2 hadi 10 kwa milioni na fosfeti 0.03 hadi 0.1 ni viwango vya kawaida. Fosfeti ikiwa 0.3, hata ukimulika saa 5 nyuzi zitaota. Jihadhari pia na kipimo kinachosoma sifuri huku nyuzi zimejaa: mwani wenyewe umeshakula kilichokuwemo.

Wanaochota maji baharini waangalie wanachotea wapi na lini. Chota maji yakijaa, mbali na midomo ya mito, mabomba ya maji machafu na gati za boti. Wakati wa masika mito humwaga tope na mbolea pwani na chumvi hushuka. Maji ya namna hiyo ni chakula cha mwani kwenye ndoo. Baada ya kuchota, yaache yatulie gizani, yapitishe kwenye kitambaa cha kuchujia, pima chumvi ifike 35 kwa elfu, ambayo ni uzito wa 1.026 hivi ukilinganisha na maji matupu, kabla ya kuyaingiza.

Ng'oa nyuzi kwa mkono na mswaki, nyonya mabaki kwa mpira, badilisha maji asilimia 15 kila wiki kwa wiki nne. Kisha ndipo uguse taa, na uguse nyeupe, si bluu: punguza saa za nyeupe kutoka 7 hadi 5, shusha nyekundu na kijani chini ya asilimia 5. Matumbawe huishi kwa bluu ya nanomita 420 hadi 470, kwa hiyo kupunguza nyeupe hakuyaumizi sana. Mwangaza utapungua machoni pako, na hilo huwaudhi watu kuliko mwani wenyewe.

Kama nyuzi zimeota upande mmoja tu wa tangi, simama hapo saa 2 asubuhi na saa 10 alasiri uone kama jua la dirishani linalifikia. Saa moja ya jua la moja kwa moja inaweza kushinda taa yako ya siku nzima. Pazia ni rahisi kuliko dawa.

Utando mwekundu na ute wa kahawia

Viwili hivi huchanganywa na tiba zake zinapingana, kwa hiyo tenga muda wa kuvitofautisha.

Utando mwekundu au wa zambarau unaofunika mchanga kama shuka, na ukiuvuta kwa mpira unatoka kipande kizima, ni sainobakteria. Hupenda sehemu ambazo maji hayaendi. Ongeza mzunguko wa maji kwanza, nyonya utando, punguza chakula. Ukikaidi, weka giza: saa 72 kamili, taa imezimwa na tangi limefunikwa kwa kitambaa kizito pande zote, pampu ya hewa ikiwaka muda wote kwa sababu bakteria wanaokufa hunyonya oksijeni. Baadaye badilisha maji asilimia 20 hadi 25, na urudishe taa kwa nusu ya saa zake za kawaida, ukiongeza saa moja kila baada ya siku mbili.

Ute wa kahawia wenye nyuzi na viputo vya hewa nchani, unaopungua usiku na kurudi mchana, una uwezekano mkubwa kuwa dainoflajeleti, vijidudu vya seli moja. Kuna jaribio la jikoni. Nyonya ute kwenye chupa yenye maji ya tangi, funga, tikisa mpaka usambae kabisa, chuja kwa karatasi ya kahawa au tishu nene, kisha weka maji yaliyopita kwenye glasi safi chini ya taa. Ndani ya saa moja hivi, kama ni dainoflajeleti, utaona vinyuzi vya kahawia vikijikusanya tena ndani ya maji yaliyoonekana masafi. Diatomu hazijikusanyi hivyo.

Dainoflajeleti hustawi pale nitreti na fosfeti zinaposhuka hadi sifuri, yaani kwenye tangi la mtu msafi kupita kiasi. Usibadilishe maji. Lisha samaki zaidi, punguza muda wa skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu), pandisha nitreti ifike 5 hadi 10 na fosfeti 0.05 hadi 0.1, uishike hapo. Giza la saa 72 husaidia baadhi ya aina lakini peke yake haliponyi. Aina nyingine zina sumu: ukiona konokono wanaanguka kutoka kwenye kioo, usiwaongeze wengine mpaka ute uishe.

Matumbawe yanavyoonyesha kwamba mwanga umezidi, umepungua, au hauhusiki

Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wadogo sana wanaolilisha sukari. Mwanga ukizidi, tumbawe linawatoa, ukipungua, linawaongeza. Karibu kila rangi unayoiona inaelezwa na hilo.

Weupe ulioanzia juu, sehemu zinazotazama taa, huku uvungu bado una rangi: mwanga umezidi, au umeongezwa ghafla. Weupe wa kote kwa wakati mmoja, tena kwenye matumbawe ya aina mbalimbali: pima joto. Kufifia taratibu kwa wiki nyingi, maji yakipimwa nitreti ni sifuri: njaa, si mwanga. Weupe unaopanda kutoka chini, mpaka wake umekatika kama umechorwa kwa rula: nyama imetoka, tatizo ni la maji, hasa alkali (uwezo wa maji kupinga asidi) iliyoyumba, na taa haina kesi.

Ili kujua kama tumbawe jeupe bado liko hai, subiri saa 4 usiku taa ikizimika, umulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, si kutoka mbele. Nyama ikiwepo utaona ngozi nyembamba inayong'aa kama maji juu ya mifupa, na vishina vya polipu vimejikunja kwenye vishimo vyake. Mifupa mitupu haing'ai, na baada ya siku chache inaanza kushika ukijani wa mwani. La kwanza linaweza kupona kwa wiki au miezi. La pili limekufa.

Kwa lililo hai, shusha nguvu ya taa hadi asilimia 60 ya ilivyokuwa, au lihamishie tumbawe chini kwa sentimita 15. Usikate saa ukaacha ukali uleule. Kinachochoma ni ukali.

Rangi ikigeuka kahawia ya tope, mwanga ni mdogo au nitreti na fosfeti ziko juu. Zoanthidi zenye shina refu, na Discosoma zinazojiinua zikawa mfano wa kikombe, zinautafuta mwanga. Hapa ongeza ukali asilimia 5 kwa wiki, si saa. Hesabu yake ni hii: PAR 100 kwa saa 7 ni moli 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Ukitaka kufika moli 3.8 unaweza kupandisha PAR hadi 150 kwa saa zilezile, au kubaki na 100 kwa saa 10 na nusu. Kwenye karatasi ni sawa. Kwenye tangi, saa 10 na nusu za mwanga mkali zinalisha mwani wa kioo kila dakika, na tumbawe bado linahangaika kwenye ukali lisioutaka.

Zoanthidi zikifunga saa za nyeupe na kufunguka vizuri bluu ikibaki peke yake, umezidisha nyeupe. Tumbawe la ngozi, Sarcophyton, likifunga siku kadhaa na kuvaa utando kama nta, linajichubua tu. Liache, ongeza mkondo wa maji kidogo, ratiba usiiguse.

Tumbawe jipya, lolote lile, lianzie sakafuni siku 7, kisha lipande ngazi moja kwa wiki. Taa mpya ianze asilimia 30 hadi 40 hata kama ile ya zamani ulikuwa umeiwasha 80, maana asilimia za taa mbili tofauti hazilingani. Tukiwa hapo: matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, hivyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali, na ndani ya hifadhi za bahari kung'oa hata kipande ni kosa. Nunua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi; hata kwa suala la taa ni rahisi zaidi, kwa sababu tayari vimezoea LED.

Joto linapanda taa ikiwaka

Pima saa moja kabla ya taa kuwaka na tena saa moja kabla haijazimika. Tofauti ya hadi digrii 1 ni ya kawaida. Ikipita digrii 2, au maji yakivuka 29, ratiba inahitaji kusogezwa. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kawaida, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yalipauka na kufa. Joto na mwanga mkali hushirikiana kuua, na tangi linafuata kanuni hiyohiyo. Maji yakiwa ya moto, punguza mwanga kwanza.

Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam huwa na joto kali zaidi kati ya saa 7 na saa 10 alasiri. Sogeza saa za mwanga mkali ziwe 16:00 hadi 22:00, yaani saa 10 alasiri hadi saa 4 usiku, ukisogeza saa 1 kila siku mbili ili viumbe wazoee. Inua taa sentimita 15 hadi 20 juu ya maji, ondoa kifuniko cha kioo uweke wavu. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 ikipuliza juu ya maji hushusha digrii 2 hadi 3, kwa gharama ya mvukizo: tangi la lita 60 likipoteza lita 2, chumvi inapanda kutoka 35 hadi 36.2. Jazia maji yasiyo na chumvi kila asubuhi. Kujazia maji ya bahari ni kosa la kawaida sana, na huonekana baada ya wiki mbili chumvi ikiwa 40. Mwambao wenye unyevu mwingi hewani, feni hupungukiwa nguvu. Usiitegemee peke yake mwezi wa Machi.

Samaki wanashtuka au hawatoki

Samaki akijipigiza kwenye kioo taa inapowaka, hakuna mpando: taa inatoka giza totoro hadi mwanga kamili kwa sekunde. Kama taa yako haina uwezo wa kupanda polepole, washa taa ya sebule dakika 30 kabla, au tumia taima mbili, bluu kwenye moja na nyeupe kwenye nyingine. Samaki mpya aachwe gizani siku ya kwanza. Ile bluu ya mbalamwezi iliyoachwa usiku kucha izimwe; asilimia 1 kwa saa moja au mbili inatosha kwa anayetaka kutazama, na giza la saa 8 kamili ni la lazima.

Mwanga umepungua wenyewe

Ratiba haijabadilika, maji yako sawa, lakini matumbawe yanageuka kahawia polepole. Tazama taa yenyewe. Povu la pampu hurusha matone, na chumvi hukauka juu ya lenzi ikawa ukungu mweupe. Chomoa taa, iache ipoe, futa lenzi kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji ya RO, kausha kabisa. Fanya hivyo kila wiki mbili. Taa za mirija ya T5 hufifia kabla ya kuzimika, hivyo zibadilishwe kila baada ya miezi 9 hadi 12. LED hufifia kwa miaka.

Kama huna kipima PAR, simu yenye programu ya kupima luksi inasaidia kwa kulinganisha tu. Weka nyeupe na bluu kwenye kiwango kilekile kila mara, shika simu palepale sentimita 20 chini ya taa, nje ya maji, uandike namba mara moja kwa mwezi. Usijaribu kuigeuza iwe PAR, kwa sababu kipimo cha luksi hakiioni bluu vizuri. Namba ikishuka kwa robo, safisha.

Baada ya kusafisha lenzi iliyokuwa na ukungu wa miezi, shusha taa asilimia 20 kabla ya kuiwasha, kisha uipandishe asilimia 5 kwa wiki. Matumbawe yalikuwa yameshazoea ule ukungu.